Ukisema Makaa, Unakusudia Yepi?

Novemba 2021 nilikwenda Jang'ombe, hapa mjini Unguja, kununua makaa kwa mzee mmoja ambaye kila siku huniwekea yale makubwa makubwa, si chenga. Siku hiyo sikumkuta na bashasha yake. Sijamaliza hata kumwamkia, akaniwahi: "Maalim, nyinyi mliosoma, hebu nambie. Ati dunia nzima wamekubaliana makaa yasitumike tena?"

Alikuwa amesikiliza taarifa ya habari redioni asubuhi. Mkutano wa tabianchi uliofanyika Glasgow ulikuwa umemalizika, na msomaji wa habari alisema nchi zimekubaliana kupunguza matumizi ya makaa. Akaishia hapo. Mzee wa watu kakaa juu ya mapolo yake, magunia ya makaa, hajui atayapeleka wapi.

"Siyo haya, mzee wangu," nikamwambia. "Ni ya mawe."

"Ya mawe? Yale ya treni?"

"Ehe, hayo hayo."

"Sasa si waseme ya mawe!"

Alikuwa na haki. Kilichoamuliwa Glasgow kilihusu mitambo ya umeme inayochoma makaa yanayochimbwa ardhini, na ubishi mkubwa wa siku ya mwisho ulikuwa juu ya neno moja: je, mataifa yaseme yataacha kuyatumia au yatapunguza? India ikashika "kupunguza", na ndivyo ilivyoandikwa. Huko watu waligombania neno mpaka usiku, na huku kwetu mfasiri akaangusha maneno mawili, "ya mawe", akamtia mtu wa Jang'ombe homa ya bure.

Kosa lenyewe si la uvivu tu. Makaa ni neno pana, na upana wake una mpango. Ukiujua mpango huo hutapotea.

Tuanzie jikoni, maana ndiko neno lilikozaliwa. Kaa kwa asili si kitu kilichouzwa kwenye polo. Ni kipande cha ukuni kilichokwisha kushika moto, kikawa chekundu, hakitoi ulimi wa moto wala moshi mwingi. Hilo ndilo kaa la moto. Likipoa likabaki jeusi, wazee waliliita kaa zimwe, yaani lililozimika. Kwa hivyo kaa lina uhai na lina mauti, na jina halibadiliki. Kinachobadilika ni sifa inayolifuata. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata njia.

Kabla ya viberiti kuwa rahisi, moto haukuwashwa kila asubuhi katika kila nyumba. Mtoto alitumwa kwa jirani na kigae au kifuu cha nazi akaambiwa: "Nenda kapae moto." Kupaa moto si moto kuruka angani. Ni kuteka makaa mekundu kutoka jiko moja na kuyapeleka jingine. Ukimtekea mwenzio, unampalia.

Na hapa hebu tusogee karibu kidogo, tumtazame mama anayepika mkate wa kumimina. Unga wa mchele umeshaumuka, tui limeingia, iliki inanukia. Anaumimina kwenye sufuria iliyopashwa moto, anasubiri ushike chini, kisha anafunika. Sasa anachukua koleo, anayatoa makaa kwenye seredani, yaani jiko la makaa, moja moja, anayapanga juu ya mfuniko, mengi pembezoni na machache katikati. Chini anabakisha kidogo tu, usije ukaungua kitako na uso ukabaki mweupe. Hapo atakwambia ameupalia moto. Wali nao hupaliwa namna hiyo hiyo ukishakauka maji. Akina mama waliozoea majiko ya gesi wanajua mkate huo huo sasa unageuzwa, au unatiwa ovena, lakini ladha ya uso uliochomwa na makaa kutoka juu ni nyengine kabisa, na mimi sibishani na mtu katika hilo.

Kutoka hapo ndiyo ikapatikana nahau ya kumpalia mtu makaa, yaani kumtia mtu matatani, hasa kwa maneno ya kumchongea kwa mkubwa wake. Aliyetazama sufuria iliyofunikwa, moto juu na moto chini, hahitaji kufafanuliwa. Wafasiri wa Biblia walipofika Warumi 12:20 walilikuta neno liko tayari, wakaandika kwamba ukimlisha adui yako mwenye njaa "utampalia makaa ya moto kichwani pake". Na kwa Waislamu, hakuna asiyewahi kusikia katika darsa kwamba utafika wakati ambapo mwenye kushikamana na dini yake atakuwa kama aliyeshika kaa la moto mkononi. Kote huko makaa ni moto. Hakuna mgodi.

Seredani na chetezo ndivyo vyombo vilivyolihifadhi neno hili mjini. Udi haufukizwi kwa ulimi wa moto. Ungeungua mara moja, ukabaki moshi mchungu. Unataka kaa lililotulia, lenye jivu jembamba juu yake, lipeleke joto polepole. Ndiyo maana bibi harusi akifukizwa, mtu hutumwa mapema kuyatayarisha makaa, na akileta yanayoruka cheche hurudishwa.

Sasa turudi kwenye umbo la neno, kwani wanafunzi wengi wa skuli huchanganyikiwa hapa. Kiswahili kina kaa watatu wasiojuana. Kaa wa kwanza ni huyu wa moto: kaa hili, makaa haya. Wa pili ni mnyama wa pwani mwenye magando, kaa huyu, kaa hawa, yule ambaye wahenga walisema akiinua gando, mambo yamekatika. Wa tatu ni kitenzi, kukaa. Mgeni anayejifunza lugha mpe sentensi hii: kaa amekaa juu ya kaa. Maskini ya kaa.

Si ndugu hawa. Kinachowafananisha ni sauti L iliyokufa. Kiswahili kina tabia ya kuimeza L iliyo katikati ya irabu, kisha inajitokeza tena kwenye vinyambuo: zaa na zalia, vaa na valia, twaa na twalia, kaa na kalia. Hata paa na palia tuliyoyasema ni hayo hayo. Jirani zetu wa Kibantu hawakuimeza, kwa hiyo neno letu la jikoni tunalikuta kwao likiwa zima: Wachewa na wasemaji wa Kilingala husema makala, Wanyarwanda husema amakara, Wakikuyu makara. Kutoka Ziwa Nyasa mpaka mto Kongo, ukisema unataka "makala" kuna mtu atakuletea kitu cheusi cha kupikia. (Kusini Unguja watu wa Makunduchi huiita lahaja yao Kikae, na inasemwa ni "kale" iliyomezwa L yake namna hiyo hiyo.) Hii ni dalili kwamba neno ni la kwetu na ni la zamani mno, la wakati ambapo hakuna aliyekuwa akichimba makaa ya mawe pande hizi.

Halafu lipo neno mkaa. Watu wa bara wakitaka cha kupikia husema mkaa: mkaa huu, gunia la mkaa, mkaa umepanda bei. Visiwani tumeshikilia makaa: makaa haya, polo la makaa, makaa yamepanda bei. Kenya nako makaa ndilo linalosikika zaidi. Hakuna kosa katika yote mawili. Ila mwenye kusema mkaa amepata faida ndogo ambayo sisi hatuna, kwa sababu mkaa ni wa miti tu. Huwezi kusema "mkaa wa mawe" ukaeleweka vizuri. Kwa hivyo mtangazaji wa bara akisema makaa, msikilizaji wake anaweza kuhisi anakusudia ya mawe, maana angetaka ya miti angesema mkaa. Sisi tunaosema makaa kwa kila kitu lazima tuongeze neno. Taarifa ile ya redioni, naamini, iliandikwa na mtu wa mkaa ikasikilizwa na mtu wa makaa.

Na hayo ya miti yanatengenezwaje hata yakawa si kuni tena? Wachomaji huzipanga kuni zilizokatwa kwa kipimo, wakazifunika kwa majani na nyasi, kisha udongo juu yake, wakaacha matundu machache. Ukuni unashika moto lakini hewa chache haiupi nafasi ya kuwaka. Maji yanatoka kwanza, ndiyo ule moshi mweupe mzito wa siku za mwanzo. Kisha zinatoka gesi na lami, moshi unakuwa wa manjano na unauma macho. Ukigeuka mwembamba, wa buluu, fundi anajua yamewiva, anayaziba matundu yote asije akakuta jivu. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hasara yake ni kubwa: katika kilo 10 za kuni kavu, tanuri la udongo hutoa kilo 1 mpaka 2 tu za makaa. Lakini kilo moja ya makaa ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni, haitoi moshi wa kuchafua ukuta, na inabebeka. Ndiyo siri ya mji kuyapenda na msitu kuyachukia.

Unguja kuni hizo zilitoka zaidi maweni, kwenye vichaka vya ardhi ya mawe ya matumbawe upande wa mashariki na kusini, na kwenye mikoko. Mkandaa na mkoko hutoa makaa mazito, yakigongwa yanalia kama kigae. Mzee wa Jang'ombe huyajua kwa kuyagonga tu. Hufumba macho makusudi kuonesha ufundi. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya 1996 imeweka masharti ya ukataji, na sehemu kubwa ya makaa tunayopikia mjini sasa huvuka bahari kutoka bara kwa majahazi. Tunaweza kusema tumeuhamisha moshi. Hilo lina makala yake.

Sasa ya mawe. Haya hayakupitia tanuri la mtu. Ni mimea ya vinamasi vya zamani iliyofunikwa na mchanga na matope, ikabanwa na kupashwa joto chini ya ardhi kwa muda usiohesabika. Ya Tanzania yana zaidi ya miaka milioni 250. Kadiri yalivyobanwa ndivyo kaboni ilivyozidi: ya chini kabisa ni ya kahawia na yana maji mengi, ya juu kabisa, anthrasaiti, ni magumu, yanang'aa, na kaboni yake hupita asilimia 86. Yapo Ngaka mkoani Ruvuma, Mchuchuma mkoani Njombe, na Kiwira kusini-magharibi. Unguja na Pemba hakuna machimbo yake. Ukichimba kwetu unakutana na mawe ya matumbawe, mchanga, udongo, na ukibahatika maji matamu.

Kwa nini basi tuna jina lake? Kwa sababu ya meli. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza safari za mara kwa mara kati ya Aden na Unguja, na merikebu ya moshi haiendi kwa dua peke yake. Makaa ya mawe yaliletwa kwa bahari kutoka mbali, yakarundikwa karibu na bandari, yakapakiwa tena melini kwa mabega ya watu. Mtu wa pwani aliyeyaona kwa mara ya kwanza aliona kitu cheusi, kinawaka, kinaacha jivu, chenye kazi ile ile ya makaa, lakini kizito na kigumu kama jiwe. Akaliongeza neno la mawe. Waarabu wanaita kitu hicho hicho faham ya jiwe, na Wajerumani nao wana neno lao lenye maana hiyo hiyo, makaa ya jiwe kwa upande mmoja na makaa ya mti kwa upande wa pili. (Tusiichanganye hiyo faham na fahamu zetu. Kiarabu kina H mbili tofauti, moja ya makaa na moja ya akili. Kwa masikio ya Mswahili zimekuwa moja, na huenda ndiyo bahati iliyotuokoa tusilikope neno hilo.)

Kiingereza kilikwenda njia ya kinyume, na hapo ndipo penye mzizi wa tatizo la wafasiri. Neno lao "coal" nalo lilianza jikoni. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa kaa la moto au makaa ya miti. Kisha mawe meusi ya kaskazini mwa Uingereza yakaanza kushushwa London kwa meli, yakaitwa makaa ya bahari kwa kuwa yalifika kwa bahari. Yalipozidi kutumika yakalinyakua jina zima, yakaacha sifa ya bahari njiani. Ya miti yakabaki bila jina, ikabidi yatafutiwe jipya, "charcoal", tokea karne ya 14. Kwao mgeni aliingia ndani, mwenyeji akatolewa barazani. Kwetu mwenyeji hakutoka, na mgeni mpaka leo anaitwa kwa jina refu.

Kwa hiyo usitafsiri neno kwa neno. Ukikuta neno hilo la Kiingereza, "coal", tazama kwanza liko wapi. Likiwa kwenye habari ya mgodi, mtambo wa umeme, kiwanda cha saruji, treni ya zamani au hewa chafu ya dunia, andika makaa ya mawe, kwa ukamilifu wake, angalau kila unapoanza aya mpya. Likiwa kwenye jiko la kuchomea nyama, andika makaa. Likiwa kwenye kitabu cha dini au shairi, karibu kila mara ni kaa la moto. Waingereza wana msemo wa kupeleka makaa Newcastle, mji uliokuwa ukiyatoa kwa wingi. Nimeuona umetafsiriwa hivyo hivyo, mtu akabaki anajiuliza Newcastle wanapika nini. Hapa tungesema kupeleka karafuu Pemba na mambo yakaisha.

Upo mfano mmoja wa kwetu wenyewe wa namna maneno mawili ya nyongeza, "ya mawe", yalivyo na uzito. Asubuhi ya 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliiotea manowari ya Kiingereza Pegasus ikiwa imetia nanga Unguja, mitambo yake inatengenezwa, ikaizamisha. Baadhi ya mabaharia waliokufa wamezikwa kwenye kisiwa cha Chapwani, mkabala na mji. Baada ya ushindi ule Königsberg ilirudi kujificha katika mikono ya mto Rufiji na haikutoka tena, ikaharibiwa huko Julai 1915. Sababu mojawapo iliyoibana tangu mwanzo wa vita ni uhaba wa makaa ya mawe. Waingereza walikuwa wameyanunua yaliyokuwepo bandari za jirani ili isiyapate. Rufiji ile imejaa mikoko pande zote. Mwandishi akikwambia meli iliishiwa na makaa, utamshangaa: imezungukwa na msitu unaotoa makaa bora ya pwani hii! Sema ya mawe, na kisa kinasimama.

Jambo moja makaa yote yanashirikiana, ya mti na ya mawe, ni hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na kaa linaloonekana limetulia bila ya moshi ndilo linaloitoa vizuri. Seredani isilazwe chumbani na milango imefungwa, hata kwa mama aliyejifungua anayehitaji joto. Na makaa ya mawe yaliyotoka mgodini hayafai kupikia vivi hivi. Mengi yana salfa na moshi wake ni mbaya.

Nasema vivi hivi kwa sababu siku hizi mambo yameanza kuingiliana. Serikali ya bara ilitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Shirika la madini la taifa, STAMICO, nalo limekuwa likitengeneza vitofali vya kupikia kutokana na makaa ya mawe ya huko Kiwira, vinaitwa mkaa mbadala. Angalia lugha ilivyozunguka: jiwe limechukua jina la mkaa, lile ambalo nilisema ni la miti tu.

Mgeni wangu mmoja kutoka Dar es Salaam aliniletea mfuko wa vitofali vya namna hiyo. Nikachukua viwili nikampelekea mzee Jang'ombe. Akakigonga kimoja, hakikulia. Akakinusa. Akanitazama.

"Hili kaa la nini?"

"La mawe, limetengenezwa."

Akalitia kwenye seredani yake juu ya makaa ya mkandaa, akachukua kipepeo, akapepea. Lilichelewa. Kisha likashika, likaenea wekundu mpaka hukujua tena lipi la mti na lipi la mawe.

"Sasa limekuwa kaa la moto," akasema, akaweka birika ya chai juu yake. "Lakini samaki simchomei."